Huyu mdhibiti wa nyuklia Kenya ana uwezo kweli wa kusema hapana?

Mwana_Mida
Salaam wadau. Mimi natoka Kilifi, upande wa Matsangoni, kutoka kwetu hadi Uyombo ni mwendo wa bodaboda tu. Uyombo ndiko kulikotajwa miaka hii yote kwamba kutajengwa kinu cha kwanza cha nyuklia Kenya, megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Mnakumbuka Mei 2024 watu waliandamana, polisi wakaja, kuna walioumia. Tangu 2025 naona mazungumzo yamehamia Siaya kule Ziwa Viktoria, huku kwetu watu wamepumua kidogo lakini hakuna aliyekuja kutuambia rasmi kwamba kwetu yameisha, kwa hivyo wazee bado roho juu maana wengi hawana hatimiliki, shamba ni la babu na ushahidi wake ni minazi, miembe na makaburi.

Sasa mimi sijaja kubishana kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Nimesoma, najua kinu hakitoi moshi, najua Ufaransa sehemu kubwa ya umeme wao ni huo na maisha yanaendelea. Kinachoninyima raha ni hiki. Kuna NuPEA, hawa kazi yao ni kuutafutia mradi njia, walianza kama kamati 2010, wakawa bodi 2012, halafu Sheria ya Nishati ya 2019 ikawapa jina la sasa. Kisha kuna KNRA, mamlaka ya udhibiti, nayo imeundwa na sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2019 ikarithi kazi ya ile bodi ya zamani ya kukinga watu na mionzi, wale wa kukagua mashine za eksirei hospitali. Kwa karatasi ni mashirika mawili mbalimbali. Lakini yote ni ya serikali moja, na serikali hiyohiyo ishatangaza mwaka ambao umeme utatoka. Mkaguzi anaanza kazi na tarehe ya arusi ishasomwa msikitini, ataweza kweli kusimama aseme posa hii haifai??

Kwa hivyo naomba kuelimishwa. Kuna nchi yoyote ambayo mdhibiti aliwahi kukataa kinu cha serikali yake au cha kampuni kubwa, si kuchelewesha, KUKATAA? Na la pili, kwa nini tunaharakishwa kwa nyuklia na Olkaria kuna mvuke chini ya ardhi ambao tunasikia hata haujatumika wote? Kaka yangu anasema jua na upepo haviwezi kuendesha viwanda, tumebishana mpaka mama akatunyamazisha. Anayejua aseme polepole tuelewe.

Fundi_wa_Gridi
Nianze na hilo la pili kwa sababu ndio mkate wangu, nimekuwa kwa mambo ya gridi miaka mingi sasa.

Kaka yako ana nusu ya ukweli. Jua linazama saa kumi na mbili na watu wanawasha stima saa moja, hiyo haina mjadala. Lakini mvuke si jua. Mvuke wa Olkaria unatoka mchana na usiku, masika na kiangazi, tangu 1981 ile mashine ya kwanza ya megawati 15 ilipowashwa, na leo jotoardhi ni zaidi ya megawati 900 na inatoa karibu asilimia 40 ya umeme wetu. Serikali yenyewe inakadiria Bonde la Ufa lina kama megawati 10,000. Hatujafika hata sehemu ya kumi. Na usiku wa manane matumizi yanaposhuka visima vingine mvuke unaachiwa tu hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia, ukipita pale Hell's Gate usiku utausikia ukivuma.

Sasa weka hesabu hii pembeni. Mapema 2025 matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalifika megawati 2,316. Usiku yanashuka kama nusu hivi. Unaleta mashine MOJA ya megawati 1,000. Kanuni ambayo watu wa nyuklia wenyewe, hata IAEA, shirika la kimataifa la atomiki, huitumia ni kwamba mashine moja isizidi kama asilimia 10 ya gridi, kwa sababu siku ikizimika ghafla, na mashine zote huzimika, lazima kuwe na nyingine za kubeba huo mzigo kwa sekunde chache au nchi yote inaingia gizani. Agosti 2023 tulizima nchi nzima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA watu wakakaa gizani na hapo hatuna mashine hata moja ya ukubwa huo. Ndio maana siku hizi utasikia wakizungumzia vinu vidogo vya chini ya megawati 300, hiyo ni sawa kwa gridi yetu lakini vinavyofanya kazi duniani ni vya kuhesabu kwa vidole, kuna kile cha Warusi kinachoelea baharini tangu 2020 na Wachina nao wana chao.

Nisipendelee upande wangu pia. Mvuke una machozi yake. Kuchimba kisima kimoja ni kilomita mbili tatu kwenda chini na unaweza kukosa. Na 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, wakalalamika mpaka jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia likaja likakuta taratibu zilikiukwa. Kwa hivyo usidhani ukifukuza nyuklia Uyombo basi dhuluma ya ardhi imeisha, inahama tu kama hakuna wa kusimamia.

Mkulima_Songea
Wakuu naomba kuchangia kutoka Tanzania. Nimeusoma uzi wote na kusema kweli nyie mmetutangulia kwa hilo la kutenganisha. Kwetu ipo TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, makao makuu Arusha, iko kwa sheria ya 2003, na tume hiyo moja ndiyo inadhibiti mionzi na ndiyo hiyohiyo inahamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Sisemi wanafanya kazi vibaya, wanapima vyakula, wanakagua hospitali, kazi inaonekana. Ila siku tukisema tunajenga kinu hapo itabidi tujiulize mtu mmoja anavaaje kofia mbili kwa wakati mmoja.

Na kwetu si jambo la mbali. Huku Ruvuma, wilaya ya Namtumbo, kuna urani ya Mto Mkuju, mradi upo chini ya kampuni ya Warusi, na eneo lake lilimegwa kutoka pori la Selous 2012 baada ya UNESCO kukubali mpaka usogezwe. Watu wa huku tunauliza maji, maana mito ya huku inaenda Rufiji na Rufiji ndiko lilikojengwa bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa. Kwa umeme saa hizi tuna nafuu kubwa kwa sababu ya bwawa. Ila bwawa ni mvua, mwaka wa ukame ndio tutajua. Kwa hiyo siwezi kumlaumu anayetaka nyuklia iwe akiba.

Kijana_wa_Bondeni
Ndugu zangu mimi ni wa Mombasa lakini niko Abu Dhabi mwaka wa tisa huu, nataka niseme upande wa pili kwa sababu hapa naona wote mnavuta kamba upande mmoja.

Hapa kuna Barakah, vinu vinne, vilijengwa na Wakorea, kimoja kilianza 2020 na cha nne kimeingia kazini 2024, vinatoa kama robo ya umeme wa nchi nzima. Nchi ya mafuta hii! Ingeweza kuchoma gesi miaka mia na haikufanya hivyo. Na Mwana_Mida swali lako la mdhibiti lina jibu hapa. Walianzisha mamlaka yao ya udhibiti, FANR, mwaka 2009 KABLA ya kusaini mkataba na Wakorea Disemba ile, wakachukua wataalamu wa nje wenye mvi, na kinu cha kwanza kilipangwa kiwashwe 2017, hakikuwashwa, kwa sababu waendeshaji walikuwa bado hawajaiva kupewa leseni. Jengo limesimama, pesa imelala, wakangoja mpaka Februari 2020 ndio leseni ikatoka. Miaka mitatu! Tena ni mradi wa serikali. Kwa hivyo mdhibiti akiwa na watu wanaojua kazi na pesa yake mwenyewe anaweza kumsimamisha hata mfalme.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kila likizo nikirudi nyumbani stima inapotea mara tatu kwa siku na wajomba zangu wenye friji za samaki wanapata hasara. Hatuwezi kukaa tunaogopa kila kitu.

Fundi_wa_Gridi
Kijana wa Bondeni nakuelewa, ila hiyo stima inayopotea kwenu haipotei kwa sababu nchi haina mitambo, inapotea kwa sababu ya waya na transfoma za kuzeeka. Ukileta megawati 1,000 mwanzo wa waya uliooza friji ya mjomba bado itazima. Angalia ule upepo wa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ilikamilika 2017 na laini ya kuuleta umeme Suswa haikuwa tayari mpaka 2018, serikali ikalipa fidia ya umeme ambao hakuna aliyeuona. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kuliko mionzi. Mkataba wa nyuklia ukisainiwa utalipa utumie usitumie, na miradi hii haimalizwi kwa wakati hata kwa walioianza zamani, kinu cha Flamanville kule Ufaransa kilianza 2007 kwa ahadi ya 2012, kimeunganishwa na gridi Disemba 2024, gharama kutoka euro bilioni 3.3 hadi zaidi ya bilioni 13. Vogtle kule Marekani kilichelewa miaka saba kikapita dola bilioni 30. Wale wana pesa. Sisi hiyo tofauti itaingia kwa tokeni za stima.

Na gridi ya Emirati ni kubwa kuliko yetu mara nyingi sana, kwao kinu kimoja si nusu ya nchi.

Binti_Amu
Asalaam aleikum. Mwana_Mida umeuliza kama kuna mdhibiti aliyewahi KUKATAA. Ndiyo kaka yangu wapo, na nimekaa na habari hizi miaka kwa sababu sisi Lamu tulipitia ya makaa ya mawe.

Japani. Kabla ya 2011 mdhibiti wao alikuwa ndani ya wizara ya uchumi na biashara, wizara ileile iliyokuwa inapigia debe nyuklia. Ajali ya kinu cha Fukushima ilipotokea tume ya bunge lao ikaandika 2012 kwamba lile lilikuwa janga la mikono ya watu, kwamba mdhibiti na kampuni walikuwa wamezoeana mpaka usimamizi ukafa. Wakaunda mamlaka mpya Septemba 2012. Na Novemba 2024 mamlaka hiyo ikakataa rasmi kinu cha pili cha Tsuruga kisiwashwe tena, kwa sababu chini yake huenda kuna ufa wa tetemeko ulio hai. Mara ya kwanza tangu iundwe. Angalia bei waliyolipa mpaka kufikia mdhibiti wa kusema hapana.

Marekani nao walikuwa na tume moja ya atomiki, inahubiri nyuklia na inaikagua. Bunge likaivunja kwa sheria ya 1974, ndio ikazaliwa NRC 1975, mdhibiti peke yake. NRC iliwahi kukataa ombi la kinu la kampuni ya Oklo Januari 2022, wakasema maelezo hayatoshi, basi. Lakini usifikiri uhuru huo ukishapatikana umepatikana. Mei 2025 Trump alitoa amri kwamba maombi ya vinu vipya yaamuliwe ndani ya miezi 18, na Juni akamfukuza mmoja wa makamishna, Christopher Hanson, bila kusubiri muda wake uishe. Hapo ndipo ninapoona hatari, mdhibiti kuwekewa saa ukutani na mtu mwenye haraka.

Afrika Kusini ndio karibu na sisi, wana kinu cha Koeberg tangu 1984. Serikali ya Zuma ilitaka vinu vikubwa vya Warusi, wanaharakati wa Earthlife na jumuiya ya viongozi wa dini, SAFCEI, wakaenda mahakamani, Aprili 2017 mahakama kuu ya Cape ikasema mchakato wote ni batili, bunge halikuhusishwa ipasavyo, wananchi hawakuulizwa. Waliosimama wakashinda si mdhibiti, ni wananchi wawili watatu na wakili. Na baadaye waziri wa nishati Mantashe akamtoa kwenye bodi ya mdhibiti Peter Becker, aliyekuwa mwakilishi wa jamii, kwa kuwa alikuwa anapinga nyuklia, naye akaenda mahakamani akashinda 2023.

Kwetu Amu ilikuwa hivyohivyo. NEMA, mamlaka ya mazingira, iliupa leseni mtambo wa makaa ya mawe 2016, tukakata rufaa, na Juni 26, 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kikweli. Tulikaa miaka karibu mitatu kwenye kesi. Wavuvi walikuwa wanapanda basi usiku kucha kwenda kusikiliza. Mdhibiti alikuwa ameshapiga muhuri, muhuri ukafutwa na watu.

Ja_Rarieda
Mimi ni wa Siaya na ninaunga mkono mradi huu uje kwetu, niseme wazi. Mwataja kesi na mwataja Wajapani lakini hakuna aliyetaja vijana. Huku kwetu mtu akimaliza shule anapanda basi la Nairobi, ukiangalia kijiji kuna wazee na watoto tu. Kinu ni barabara, ni shule ya ufundi, ni kazi za miaka sitini. Watu wa Pwani mkikataa hiyo ni haki yenu ila msitukatalie na sisi.

Lakini nimesoma hapo kwa Binti Amu na nakubali jambo moja. Sisi maji ni ya ziwa na ziwa si letu peke yetu, ni la Uganda na Tanzania pia, na kina sisi tunaishi kwa samaki, siku hizi kuna vizimba vya kufugia tilapia kando yote ya ufuo. Maji ya kupoza kinu yanarudi yakiwa na joto. Hilo nimeuliza kwa kiongozi mmoja akaniambia litaangaliwa baadaye. Baadaye lini na wanapima udongo sahii?

Mkulima_Songea
@Ja_Rarieda hapo ndipo penyewe mkuu. Na wenzetu wa Mwanza na Mara hawajaulizwa, ziwa ni letu sote.

Mwana_Mida
Wallahi nashukuru, nimejifunza hapa kuliko kwa mikutano yote niliyohudhuria. Ja_Rarieda ndugu yangu mimi siwakatalii, na kijana wetu wa huku naye hana kazi, anashinda kwa bodaboda kwenye jua. Nikikuelewa wewe swali lako na langu ni moja, ni nani anajibu tunapouliza. Kwenye baraza la kwetu mwaka ule tuliuliza maji ya moto yataingia wapi, maana hapa pana hori ya Mida na mikoko yake, pana hifadhi ya bahari ya Watamu, kasa wanataga pale, na nyuma yetu ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Waliokuja wakatupa kofia na chupa za maji wakasema wataalamu wanashughulikia. Mzee mmoja alirudisha kofia. Sikumwelewa siku ile.

Binti Amu dada yangu, nisaidie na hili. Hizo tathmini za eneo, ripoti za udongo na tetemeko na maji, raia wa kawaida anaweza kuzipata? Au mpaka uwe na wakili?

Binti_Amu
Huhitaji wakili kuomba. Kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ya 2016 inasema afisa akipokea ombi lako akujibu ndani ya siku 21. Andika barua mbili tofauti, moja NuPEA moja KNRA, usiandike moja ya pamoja watasukumiana. NuPEA waombe ripoti za uchunguzi wa eneo la Uyombo, na uwaulize kwa maandishi kama eneo hilo bado liko kwenye orodha au limetolewa. KNRA waulize wamepokea ombi gani la leseni mpaka leo na kwa eneo gani, na wana wakaguzi wangapi waliosomea vinu, si eksirei. Ile tathmini kubwa ya mazingira ya mpango mzima ya 2020 ilitolewa kwa umma, hiyo uisome kabla hujaandika ili usiulize yaliyomo tayari.

Kila barua toa kopi, peleka mwenyewe au mtu unayemwamini, kopi ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, manake siku zinahesabiwa kutoka hapo. Sisi tulipoteza miezi kwa kukosa muhuri huo. Na NEMA wakija kutoa leseni siku yoyote, rufaa ni ndani ya siku 60, usingoje uambiwe, mtu wenu mmoja awe anaangalia magazeti na gazeti rasmi la serikali kila wiki.

Ja_Rarieda na wewe andika hizohizo, ubadilishe tu jina la mahali na uongeze la vizimba.

Ja_Rarieda
Sawa dada. Nitumie mfano wa barua kama unao, nitaandika wiki hii.

Mwana_Mida
Na mimi pia tafadhali. Nitaiandika kwa Kiswahili halafu kwa Kigiriama nimsomee yule mzee kwanza, yeye ndiye nataka jina lake liwe la kwanza kwenye sahihi.